Alikwenda Kuona Mji

Langxiang, 19 Januari 1986

Mdogo wangu Delu,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na Yanhua na mama mkwe wako. Huku tunapumua. Theluji imefika usawa wa dirisha na kuni zipo za kutosha. Kabichi za kuchachusha zimekubali mwaka huu, pipa zima, na jirani yetu Mama Sui hupita kila jioni na bakuli lake huku akijifanya amekuja kuuliza habari tu. Mimi bado niko kiwandani, tunachonga vijiti vya kulia vya kupelekwa Japani. Mikono yangu inanuka utomvu hata nikiisugua kwa chumvi. Yanhua anaendeleaje na hali yake? Mwambie asipandishe makaa ngazini, kazi hiyo ni yako.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Juzi nilirudi kazini nikakuta moto umezimika na Baba hayupo. Mama Sui akasema amemwona stesheni akipanda treni ya Harbin. Baba huyuhuyu, ambaye tangu Mama atutoke hajavuka daraja la mto! Kifua chake unakijua. Jana amerudi, kondakta amemshusha kama gunia la viazi. Nilipomvua mabuti, soksi zilitoka na ngozi. Daktari wa zahanati amevitazama vidole vya mguu wa kushoto akasema huenda vingine visipone.

Nikamwuliza, "Baba, Harbin ulifuata nini?"

"Kuona mji."

"Mji? Kwa baridi hii? Na kifua hicho?"

"Watu wote wameuona. Nami nimeuona."

Nikamwuliza kama alifika kwako. Akageukia ukutani akajifunika.

Je, alifika? Nijibu upesi. Kulikuwa na jambo jingine nililotaka kukushirikisha, linamhusu Luan, yule wa upimaji wa reli, lakini kwa hali hii ya Baba sijui kama lina maana tena. Tuliache kwanza.

Dada yako,
Suqin

*

Harbin, 8 Machi 1986

Dada Suqin,

Nianze kwa kukuomba radhi kwa kuchelewa. Tangu mwaka uanze tumekuwa tukilala na kuamka na mtambo mmoja wa bwawa la umeme, wakubwa wanaupita kila siku kama wanaomtembelea mgonjwa. Yanhua anavimba miguu lakini anakula vizuri. Chumba chetu ni kilekile kimoja. Mama mkwe analala upande wa pili wa pazia na anakoroma kama trekta inayopanda mlima. Nikilalamika, Yanhua ananiambia nami nijaribu kukoroma, tuone nani atashinda.

Habari za miguu ya Baba zimenisikitisha sana. Hakufika kwangu. Mji huu ni mkubwa, na mtu asiyesoma vibao atazunguka hadi achoke. Angenitumia hata neno, ningekwenda kumpokea stesheni mimi mwenyewe. Mwambie sasa atulie, ajitie joto, asihangaike na kuchongachonga. Hata ile susu ya mtoto, tunamshukuru kwa moyo, lakini dari yetu ni ya zege, haina boriti ya kuitundikia. Siku hizi watoto wanalala kwenye vitanda vya chuma.

Huyo Luan ndiye yule mwenye masikio makubwa? Dada, usiniambie! Upepo ukivuma si atapaa?

Nakutakia afya njema na kazi njema.

Mdogo wako,
Delu

*

Langxiang, 15 Juni 1986

Mdogo wangu,

Hongera kwako na kwa Yanhua kwa kupata binti. Mama Sui ametoa mayai ya kupakwa rangi nyekundu, nikayagawa kwa majirani kama desturi, na Baba alikula mawili. Ningning ni jina zuri. Msitirini na upepo, hata wa kiangazi.

Baba alikatwa vidole vitatu mwezi wa nne. Hukuuliza, ndiyo maana nakuambia. Anatembea kwa kushika ukuta. Kifua kimezidi, usiku namkalisha kitako ili apate pumzi, asubuhi nakwenda kazini. Chooni nampeleka kwa mgongo wangu.

Ndiyo, Luan ndiye yule mwenye masikio makubwa. Alihamishiwa Dalian. Mwaka jana, majani yalipopukutika, aliniuliza kama nitafuatana naye. Nikamwambia anipe muda mpaka sikukuu ya mwaka mpya, nione jinsi ya kumpanga Baba. Sikukuu ikaja, Baba yumo kitandani na miguu imefungwa. Luan akangoja mpaka Machi. Alipokuwa na sanduku mkononi aliniuliza mara ya mwisho, pale stesheni, na mimi nikamwambia nina mtu ambaye hawezi kwenda chooni peke yake. Alisema, "Basi utunze huo mgongo." Hatukuagana zaidi ya hapo.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Baba, "Wewe umeuona mji. Mimi sitaona kitu." Akasema, "Ni kweli."

Sasa nina swali. Barua yako ya Machi nimeisoma mara nyingi, kwa kuwa sina nyingine. Umetaja susu. Mimi sikukuandikia habari za susu. Baba aliitengeneza Desemba ghalani, akapinda mbao kwa mvuke, akaipaka rangi nyekundu, na hata mimi alinificha mpaka harufu ya rangi ikamsaliti. Siku aliyoondoka, susu nayo haikuwapo. Umejuaje?

Suqin

*

Harbin, 2 Novemba 1986

Dada yangu,

Sijui nianze wapi. Telegramu yako ilipofika nilikuwa Shanghai kikazi, na waliokaa na funguo za ofisi hawakuona haja ya kunipigia. Nimeijua habari nikiwa na mizigo mkononi, Baba akiwa tayari ardhini. Nimelia, Dada, kwenye bafu la pamoja la jengo, maji yakiwa yamefunguliwa ili mama mkwe asisikie. Natumaini shada la maua lilifika na jina langu liliandikwa sawasawa.

Umebeba mzigo wote peke yako, na mimi nalijua hilo. Yanhua naye analijua. Ningning ameota meno mawili, anauma kila kitu. Nakuwekea picha yake humu. Watu wanasema ana paji la uso la Baba.

Uliuliza jambo dogo kuhusu susu. Nadhani Baba alinitajia nilipokuja kwa sikukuu, mwaka ule wa juzi. Sikumbuki vizuri. Nakuomba tusifukue vitu. Baba alikuwa na mambo yake, alitaka kuona mji akauona. Tumwache apumzike.

Vaa vizuri, baridi inakuja.

Delu

*

Langxiang, 25 Januari 1987

Delu,

Salamu kwa Yanhua, na Ningning umbusu shavuni kwa niaba yangu. Picha yake nimeiweka kwenye kioo. Mwaka huu kabichi nimechachusha nusu pipa, maana mtu mmoja anakula kiasi gani? Mama Sui bado anapita na bakuli, na siku hizi huketi kidogo. Chumba cha Baba nimekifunga ili kuni zisipotee bure.

Mwaka ule wa juzi ulipokuja kwa sikukuu, Yanhua hakuwa na mimba. Baba angekutajia susu ya mtoto gani?

Wiki iliyopita nilikuwa Harbin. Sikuja kwako. Nilikwenda kutembea.

Nilishuka asubuhi na mapema. Anwani yako ninayo, imeandikwa nyuma ya kila bahasha, na pale nje ya stesheni kuna mabasi. Lakini Baba hakujua kusoma mabasi, kwa hiyo na mimi sikuyasoma. Nilitaka kujua mtu anaona nini akiuona mji kwa namna hiyo. Siku ulipoajiriwa ulimwambia, mimi nikiwapo, kwamba kiwanda chenu kina dohani tatu ndefu na kwamba mtu akitoka stesheni akainua kichwa tu, hawezi kupotea. Niliinua kichwa. Delu, mji mzima ni dohani. Kila jengo linafuka, na moshi umelala juu ya mapaa kama blanketi chafu, huoni juu wala mbali. Nikachagua tatu zilizokaa pamoja nikazifuata. Zilikuwa za bafu la umma. Nikachagua nyingine, zikanipeleka kwenye uzio wa kambi fulani, askari akanifukuza kwa kidevu.

Barabara zenu zimevaa barafu juu ya mawe. Nilianguka chali, na msichana aliyepita na baiskeli akanipigia kelele, "Shangazi, umetandika kitanda hapo?" Nilicheka naye. Baadaye kope zangu zikaanza kushikana, na nikiingia dukani kupata joto, wauzaji wananitazama mikono kuona kama nitanunua. Kila niliyemwuliza alinionyesha njia kwa majina ya mitaa, kama vile majina hayo nilizaliwa nayo. Hapo ndipo nilipoanza kumwona Baba mbele yangu, na kile kikohozi chake, akiitikia "ndiyo, ndiyo, nimeelewa" ili asiwasumbue watu.

Nikajikuta mtoni. Upande usio wenyewe kabisa, sasa najua. Wanaume walikuwa juu ya mto wakikata barafu kwa misumeno kwa ajili ya taa za sikukuu zinazochongwa kwa barafu. Nikamwuliza mkubwa wao kiwanda cha mitambo kiko wapi, akasimamisha msumeno akacheka.

"Mbona mnakitafuta mtoni? Mwaka jana babu mmoja alikuja hapahapa, ana susu nyekundu mgongoni, naye anauliza kiwanda hichohicho."

"Mlimwambia nini?"

"Tulimtania kwanza. Tukamwambia, 'Babu, umejifungua lini, mbona tumbo halionekani?' Akasema, 'Mwenye tumbo yuko mbele, mimi namwahi.' Mzee wa maneno yule! Tukampa maji ya moto tukamwonyesha njia. Alikuwa ameshachoka, lakini."

Akanyoosha mkono kule nilikotoka.

Nilikaa juu ya kipande cha barafu. Utashangaa, nilifurahi. Nilifurahi kijinga, kama niliyemkuta Baba mwenyewe ameketi pale anapuliza maji yake ya moto. Maana nilijua sasa kwamba ile siku haikuwa ya kuona mji. Mtu hatembezi susu kuona mji.

Mchana ulikuwa umegeuka nilipofika kwenye lango lenu. Mlinzi wenu ana jino la fedha. Nilipomtajia jina lako akainua simu.

"Nimwite Injinia Qiao?"

"Usimwite. Nauliza habari za mzee aliyekuja mwaka jana na susu."

"Aa, baba yake! Huyo alifika. Nilimpigia injinia mimi mwenyewe, akashuka hata koti hakuvaa. Wakasimama pale nyuma ya ukuta, panapokinga upepo. Nikamwambia mlete mzee kibandani, moto upo. Akaniambia, 'Hakai.'"

Hakai. Mlinzi alilisema hilo neno kwa sauti yako, Delu, kwa ule mkato wako. Hakujua anachonifanyia.

Akaniambia kwamba Baba alivuka barabara akaingia mkahawa wa Mama Hao wa jiaozi, vile vifuko vya unga vya nyama. Nami nikavuka. Ni chumba kimoja, sufuria inachemka, madirisha yametoka jasho. Na kwenye boriti, juu ya jiko, imening'inia susu nyekundu, mtoto amelala ndani yake. Lile fundo la kamba ni la wakata miti, hakuna mtu wa mjini anayelijua. Nilisimama nikalitazama mpaka mwenye mkahawa akanisogelea.

"Wewe ndiye yule binti," akasema. Hakuwa anauliza. "Mmefanana macho. Uliolewa?"

"Hapana."

Akaketi, unga mikononi. "Basi yule ndugu yako hakumchukua mzee."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

Akapangusa unga. "Kwani hakukuambia?"

"Aliniambia alikuja kuona mji."

"Ee, mzee yule!" akasema, akapiga meza. "Alikaa pale ulipo wewe, anatetemeka, bakuli haliwezi kukaa mkononi. Alisema binti yake amepata mtu, mtu mzuri, anapima reli. Anamngoja mpaka mwaka mpya. Na binti hatatoka nyumbani maadamu baba yupo. Kwa hiyo amekuja kumwomba mwanawe amchukue yeye. Alisema, 'Nimemwambia nitalala popote, hata chumba cha boila, mradi msichana aone nimeondoka.'"

"Na mwanawe alisemaje?"

Mama Hao alinyanyuka akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alinijibu akiwa amenipa mgongo. Kwamba chumba ni kimoja. Kwamba mama mkwe yumo. Kwamba ngoja mpaka majira ya kuchipua tutazungumza. Kwamba, "Dada hajawahi kusema anataka kuolewa, Baba, hayo ni mawazo yako." Na kwamba ukamwomba asiniambie amekuja, ili mimi nisikuchukie.

"Nikamwuliza, sasa huko nyumbani utasema ulikuwa wapi?" akasema Mama Hao. "Akafikiri, akasema, 'Nitasema nilikwenda kuona mji.' Akacheka mwenyewe. Nilimsihi alale hapa, akakataa, akasema binti atatafuta. Nikamwonyesha basi, akasema mabasi yanamchanganya. Susu aliniachia. Binti yangu mimi alikuwa amejifungua siku ileile. Akasema, 'Angalau ipate mtu ndani.'"

Ndiyo hivyo miguu yake ilivyoganda. Alirudi stesheni kwa mguu, jasho la njia ya kwanza likiwa limegeuka barafu ndani ya mabuti, na bila shaka alipotea tena, kwa kuwa mimi nilipotea tena.

Nilikula kila alichoniwekea Mama Hao. Sikujua ni nyama au ni kabichi. Susu sikuigusa, mtoto alikuwa amelala.

Baba aliishi miezi tisa baada ya siku ile. Miezi tisa nilimwosha miguu huku nikimrushia maneno, namwambia amepoteza vidole vyake na maisha yangu kwa matembezi. Alikuwa na jibu mdomoni kila siku. Hakulitoa, kwa ajili yako.

Sikuandikii ili nikutukane. Nataka uniambie kwa mkono wako mwenyewe ulimwambia nini pale ukutani. Nitangoja.

Dada yako,
Suqin

*

Harbin, 20 Machi 1987

Dada mpendwa,

Natumaini hujambo na theluji imeanza kukuachia mlango. Sisi tuna habari njema. Hatimaye tumepewa nyumba, vyumba viwili, ghorofa ya nne, maji ya bomba ndani na joto la mabomba, husikii kabisa kama ni baridi. Mama mkwe amehamia kwa mwanawe wa kiume, kwa hiyo sasa nyumba ina kimya kinachotutisha. Ningning anasimama kwa kushika kiti. Mkorofi kweli, anavuta redio.

Yanhua anarudi kazini mwezi wa tano, na chekechea ya kiwanda imejaa. Tumekaa tukafikiri. Wewe sasa uko peke yako huko, unajichosha na vijiti vya Wajapani. Kwa nini usije kukaa nasi? Sebuleni pana nafasi ya kitanda. Ningning angekuwa na shangazi yake, nawe ungekuwa na familia. Nitakuja kukupokea stesheni, hutahangaika na njia.

Barua yako niliipata. Huyo mwanamke wa jiaozi mtaa mzima unamjua kwa mdomo. Ilikuwa siku ya baridi kali, kazi zilikuwa shingoni, kila mtu alikuwa na mzigo wake. Hata wewe, Dada, kusema kweli, hukuwahi kusema unataka kuolewa.

Tujibu mapema ili tupange. Yanhua anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Delu

*

Langxiang, 6 Aprili 1987

Delu,

Salamu zenu nimezipata. Hongereni kwa nyumba. Mtoto akianza kusimama, funikeni mabomba ya joto, yanachoma vidole.

Sitakuja. Mtafutieni Ningning mtu wa kumtunza hapohapo mjini, mtu mwema, na mumpe nafasi ya kulala yenye mlango.

Kiwandani nimekuwa msimamizi wa zamu. Chumba cha Baba nimekifungua, anakaa mwalimu mgeni wa shule, msichana wa Mudanjiang anayeogopa giza. Tunakula pamoja. Anaimba vibaya sana.

Dalian kwa Luan sikuandika. Najua unajiuliza.

Jana ilikuwa siku ya makaburi. Njia ya mlimani bado ina theluji hadi magotini, nilipanda na koleo nikachimbua nafasi mbele ya makaburi yao wawili. Tangu Mama afe, kila mwaka nikichoma karatasi zake, zile za kuwapelekea wafu fedha, nilikuwa nasema kwa sauti, ili asikie, kwamba hizi zimetoka kwangu na kwa Delu. Hata miaka ambayo hukutuma neno nilisema hivyo. Baba alikuwa akisimama kando na kofia yake mkononi, ananikumbusha, "Umemtaja mdogo wako?"

Jana hapakuwa na wa kunikumbusha. Karatasi ziliwaka vizuri, upepo ulikuwa umelala. Niliwaambia zimetoka kwangu.

Qiao Suqin